Mtafuna Nta wa Fundi Shee

Nyinyi mnaokaa sasa kwenye kerezo niliyoiacha, wewe Mbwana na wenzako, mliniomba niwaandikie namna kalamu zetu za mti zinavyotiwa nta ya mwisho, ili kazi isiondoke na mimi. Nimekubali, maana hakuna mwengine kisiwa kizima cha Mvita anayeijua kama ninavyoijua. Sisemi kwa majivuno. Wasionipenda husema mengi juu yangu, lakini kwa nta hunyamaza. Tabu ni kwamba siwezi kuandika nta peke yake. Kuna jambo limeingia humo kama mchanga kwenye wali, na nimelitafuna miaka. Someni yote, ama msisome kabisa.

Mimi sikusoma. Chuoni kwa maalimu nilikaa miaka miwili, nikatoka na Bismillahi, sura fupi fupi, na alama za bakora. Nilivuka Likoni nikiwa barobaro kutoka upande wa Kwale, nikapanga chumba Majengo, nikabeba magunia Shimanzi mpaka shingo ikaingia mabegani. Vita vya pili vya wazungu vilipoanza nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, sina ufundi wowote ila mgongo. Haya niandikayo sasa niliyajua kwa kujaribu kalamu, moja baada ya moja, herufi baada ya herufi. Tajeni mwengine aliyejifunza kuandika hivyo.

Siku ya kwanza nilipeleka gogo la mpingo Kibokoni, kwenye karakana ya Fundi Shee. Ilikuwa chumba kimoja cha chini, mlango wake ukitazama barazani. Fundi Shee alikuwa mzee mwembamba, kinywa kimebonyea kwa kukosa meno, kikopo cha ugoro hakimtoki mkononi. Alikuwa akikereza matendegu ya vitanda, shanga za tasbihi na vifundo vya mitalawanda, vile viatu vya mti. Kerezo yake aliiunda mwenyewe: alichukua kikanyagio na gurudumu la cherehani iliyokufa, akakanyaga kwa mguu, mti ukazunguka baina ya misumari miwili. Nikalitua gogo. Akanitazama usoni.

"Weye hamali, fungua kinywa."

"Fundi, mimi punda?"

"Punda ningemtazama kwato. Fungua."

Nikafungua. Akachungulia kama mtu anayetazama kisima, halafu akanitia kipande cha nta mkononi.

"Tafuna. Usimeze."

Nikatafuna.

"Imelainika ama imevunjika?"

"Imelainika."

"Yanata menoni?"

"Hainati."

"Ladha yake?"

"Ya asali, kwa mbali."

"Basi ni nta ya nyuki tupu. Ikivunjika kama chaki, ina mshumaa. Ikinata, ina shahamu. Kesho uje asubuhi. Meno yangu yalikwisha, pua imeuawa na ugoro, na wauza nta washajua, wananiletea takataka."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kwa meno. Wengine huajiriwa kwa barua. Kila mkate wa nta ulioingia katika karakana ile, mimi ndimi niliyeutafuna kwanza na kusema ndiyo au siyo, na Fundi Shee alilipokea neno langu kama anavyopokea adhana. Hakuuliza mara mbili.

Kalamu zilikuja na vita. Meli zilileta askari na mizinga, hazikuleta kalamu. Bwana Taibali, Mhindi Bohora mwenye duka la karatasi na wino, akaja barazani ameshika ncha za chuma tele katika kibweta.

"Arre Fundi, ncha ninazo, mti sina. Makarani wataandika kwa kidole?"

"Mti ninao mimi," akasema Fundi Shee. "Ila usinihimize."

"Nani atakuhimiza wewe? Mke wako mwenyewe kashindwa."

Tukaanza. Kukereza kijiti cha kalamu si kazi ya kujivunia, mwenye mguu na patasi atakikereza. Kazi ni mwisho wake. Kalamu inakaa katika mkono wa mtu, mkono wa Mombasa, unaotoka jasho kutoka alfajiri. Usipoitia nta, mti unakunywa jasho na wino, unavimba, unapasuka. Ukiitia vibaya, ndiyo haya ninayokuja kuyaeleza.

Kwanza, majani makavu ya msasa. Msiniletee msasa wa karatasi wa dukani, unaacha mikwaruzo isiyoonekana mpaka nta ifike, halafu yote yanaonekana. Halafu chukua konzi ya maranda ya mti ule ule, uyabane juu ya kalamu inapozunguka. Mti hujing'arisha kwa mwili wake. Halafu nta. Iguse kalamu kidogo tu, kama unavyomtia mtoto wanja. Halafu kitambaa cha kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka maua yamekwisha. Kitambaa kishike kwa ncha za vidole vitatu, chini ya kalamu. Usikizungushe kidoleni hata siku moja. Kerezo ikikivuta itakivuta na kidole, na kidole hakirudishwi kwa gundi.

Sasa kanyaga, ubane. Joto litakuja ndani ya kitambaa. Hapa ndipo maneno yanapokwisha. Fundi Shee aliniambia ni joto la chai unayoweza kuinywa lakini bado hutaki. Likipungua, nta inakaa juu ya mti kama mgeni mlangoni. Likizidi, inakimbia. Likiwa sawa, inaingia, na vidole vinajua kabla yako. Ilinichukua mwaka mzima. Fundi Shee alinishika mkono nyuma ya kitambaa, vidole vyake juu ya vyangu, akasema, "Sasa. Umesikia? Hiyo." Sikusikia kitu. Siku niliposikia nililia mbele ya watu, na mimi si mtu wa kulia.

Kalamu ikilala usiku mmoja, unaisugua tena kwa kitambaa kikavu bila nta. Mwisho, mtihani. Huu ni wa Fundi Shee mwenyewe, hakuufanya fundi mwengine. Unaifumbata kalamu kwa ngumi, unasoma Alhamdu mara tatu taratibu, halafu unaibiringisha ngumi hiyo juu ya kipande cha karatasi, unachovya wino na kuandika Bismillahi pale pale mkono ulipopita. Wino ukikaa, kalamu ni nzuri. Wino ukijikusanya matone na kukimbia, nta imetoka mtini ikaingia mkononi, na kutoka mkononi ikaingia karatasini. Karatasi yenye nta haikubali wino. Macho ya Fundi Shee yalikuwa yameanza ukungu, kwa hivyo mwandishi wa Bismillahi nilikuwa mimi. Meno yangu mwanzo wa kazi, mkono wangu mwisho wake. Katikati palikuwa na vidole vyake.

Kalamu zilizopita alizichora pete mbili nyembamba karibu na kichwa. Ukiona pete mbili, ni ya Fundi Shee wa Kibokoni.

Mwaka wa tatu wa vita nta ikaadimika. Mkamba aliyetuletea akaja na mikate midogo kama maandazi ya harusi ya maskini, mara nyengine hakuja kabisa. Fundi Shee akasema, "Tutapunguza kalamu." Bwana Taibali akasikitika, akaenda zake. Mimi sikuridhika. Mimi ni mtu niliyetoka chini ya gunia. Kwangu neno "tutapunguza" ni neno la wavivu. Nikamwendea mwenzangu wa zamani kwenye maghala ya Shimanzi, akanipa mishumaa iliyovunjika kutoka sanduku lililoanguka. Nikaiyeyusha chumbani kwangu Majengo pamoja na nta, nusu kwa nusu. Ikawa inavunjika, nikailainisha kwa mafuta ya nazi. Nikaimwaga katika kifuu kile kile tulichokuwa tukigandishia, ikatoka mkate mzuri wa manjano. Nikauweka kwenye kopo la nta la Fundi Shee.

Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia akishaona matokeo.

Na matokeo yalikuja. Kalamu ziling'ara hata yeye na ukungu wake aliona. Akaigeuza moja kwenye mwanga wa mlango, akacheka kwa fizi zake tupu.

"Hamisi! Leo mkono umekubali. Miaka arubaini sijapata mng'aro huu."

"Mkono wako, Fundi," nikasema.

Ungemwambia vipi mtu huyo, saa hiyo? Nilijaribu kalamu zile zote kwa mtihani, kwa haki, sikudanganya. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo baridi, mvua za asubuhi. Bismillahi ikakaa vizuri kwenye kila karatasi. Nikajiona fundi kuliko fundi. Nikasema moyoni, mzee amefanya kazi miaka arubaini hakufikiri hili, na mimi hamali nimefikiri. Fundi Shee akachora pete zake mbili, Bwana Taibali akazichukua zote, na miezi ile Fundi Shee alikuwa akiimba kazini. Sikuwa nimemsikia akiimba.

Kaskazi ikaingia. Mnaijua kaskazi ya Mji wa Kale, kuta zenyewe hutoka jasho, na mafuta ya nazi yaliyoganda wakati wa kusi hugeuka maji chupani. Siku moja baada ya alasiri, baraza imejaa watu, akaja Sheikh Nasoro, mwandishi wa hati, mtu mpole ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti. Siku hiyo pia hakuipaza. Afadhali angeipaza. Mkononi alikuwa na kalamu na karatasi iliyokunjwa.

"Fundi Shee, hii yako?"

Fundi Shee akaipapasa, akazikuta pete. "Yangu. Ina nini?"

"Kuna mama mmoja wa Kuze, alikuwa akikata roho. Aliniita nimwandikie wasia. Chumba kimoja cha nyumba yake alitaka apewe mwanamke aliyemuuguza, mtu baki, hana undugu naye. Nikaandika. Mkono ulikuwa na jasho, nikaukokota juu ya karatasi kama kawaida yangu. Nilipofika kwenye jina la yule mwanamke, wino ukakataa. Nikadhani ncha mbovu. Nikarudia, ukakataa. Nikasema nitaandika tena kesho kwa karatasi nyengine. Hakuifikia kesho."

"Inna lillahi," wakasema watu wa barazani.

"Ndugu zake wameitazama karatasi, wanasema hapa hapana jina. Mashahidi walisikia, lakini ndugu wanasema karatasi ndiyo itakayosema. Yule mwanamke ametoka leo na kitanda chake kichwani. Sikuja kugombana, Fundi. Nimekuja kukurudishia kalamu."

Fundi Shee aliifumbata ile kalamu. Midomo ikaanza kucheza, tukajua anasoma Alhamdu. Moja. Mbili. Tatu. Akaibiringisha ngumi juu ya kipande cha karatasi kwenye meza, akanisogezea.

"Hamisi, andika."

Nimebeba magunia ya mchele na ya saruji, lakini sijabeba kitu kizito kama kalamu ile. Nikachovya. Nikaandika. Bismillahi ikapasuka mikononi mwangu, matone matone, kama maji juu ya jani la mgomba. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Hata Fundi Shee aliinama mpaka pua ikagusa karatasi, akaona.

"Nta ni ile ile?" akaniuliza, taratibu.

"Ni ile ile, Fundi."

"Uliitafuna?"

"Niliitafuna."

Akaitikia kwa kichwa. Neno langu alilipokea kama siku zote.

"Basi ni mkono," akasema.

Mzee mmoja barazani akajaribu kumfariji: "Yakhe, sote twazeeka, hata mimi jana nimevaa kanzu nyuma mbele." Hakuna aliyecheka. Fundi Shee alikuwa akivitazama vidole vyake kama mtu anayetazama watoto wake walioiba.

Hapo palikuwa na nafasi. Nataka mjue kwamba niliiona. Ilikuwa pana kama mlango, na watu wote walikuwepo. Ningesema maneno manne tu: ni nta, si mkono. Lakini ningesema na kurudi wapi? Shimanzi, chini ya gunia? Nikashika patasi, nikajifanya naisafisha.

Kesho yake alimtuma mtu kwa Bwana Taibali kuzirudisha kalamu zote zilizobaki dukani, akaenda mwenyewe mlango kwa mlango kwa waliokwisha kununua, akiomba msamaha kwa kila mmoja. Kuna walioona mzee amerukwa na akili. Akakaa sakafuni na majani ya msasa, akazikwangua pete zake, moja baada ya moja. Alipomaliza akakikunja kile kitambaa cha kanga, akakiweka mapajani mwangu.

"Shika weye. Vidole vyako bado vina macho."

Lile kopo la nta nilikwenda kulimwaga Liwatoni mwenyewe, kwenye maji, lote. Tangu siku hiyo haikuingia kerezoni nta isiyo tupu. Mkamba asipokuja, tulikaa bure. Na hapa naweza kujisifu na Mungu hatanilaumu: kalamu zangu hazikurudi hata moja. Zilikwenda Lamu, zilikwenda Unguja, maofisa wazungu walizipeleka kwao. Nikapata jina. Sheikh Nasoro mwenyewe alinunua, na anaandika nazo mpaka leo. Watu waliposema "Hamisi, umempita mwalimu wako," nilitabasamu. Fundi Shee alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka, akisikia.

Maana hakuacha kuja. Kila asubuhi alikuja, akakaa karibu na mlango, hana kazi. Alishika kalamu zangu akazipapasa, akanusa ugoro wake. Mara moja moja, pasipo mtu, aliniuliza.

"Hamisi, nilikosea wapi? Joto nililisikia. Wallahi nililisikia."

"Labda ni joto la kaskazi, Fundi."

"Kaskazi arubaini nimezipita."

"Labda ni joto tu, Fundi."

Siku moja nikamkuta amefika kabla yangu, amekaa kwenye kerezo, kitambaa mkononi, kalamu inazunguka. Nta ilikuwa tupu, niliitafuna mwenyewe juma lile. Nikasema, Alhamdulillahi, sasa ataona, mambo yatajirekebisha bila mimi. Lakini hakuuamini mkono wake tena. Alikuwa akisikia joto, anaogopa, anaachia. Anabana tena, anaachia tena. Nta ikabaki juu ya mti, mabaka mabaka. Mkono ulioambiwa umekufa ulikuwa umeamini. Akazima gurudumu kwa kiganja.

"Umeona?" akaniambia. "Ni mkono."

Kwa hivyo lililokuwa uongo nililifanya kweli.

Aliishi kaskazi mbili nyengine. Alipougua nilikwenda kila siku, nikamlipia dawa, nikambeba mgongoni kumpeleka msalani, mgongo ule ule. Watu walisema mwana gani huyu, hata wa kuzaa hafanyi haya. Mkewe, Bi Mwanaisha, alinishika kichwa akaniombea dua. Siku ya mwisho chumba kilikuwa kimejaa, na Fundi Shee akanyoosha kidole upande wangu akawaambia watu, "Huyu ndiye mkono wangu." Nilikuwa nimekuja na maneno yangu manne siku hiyo. Niliyashika kinywani mpaka wakamfunika uso. Meno yaliyoniajiri hayakufunguka.

Bi Mwanaisha naye alikwisha kufa. Sheikh Nasoro bado yupo, na nitampelekea maandishi haya kabla ya nyinyi kuyapata. Yule mwanamke aliyetoka Kuze na kitanda kichwani nimemtafuta kutoka Majengo mpaka Changamwe. Wengine wanasema alirudi kwao, wengine wanasema alikufa. Sina wa kumwomba radhi aliye hai ila mwandishi.

Mnajua kwa nini nimeacha kazi mapema, mtu ambaye ndevu bado zina nyeusi? Wewe Mbwana ulikuwepo, lakini hukujua unachokitazama. Mwaka huu vidole vilianza kulala. Daktari alinichoma sindano kwenye ncha ya kidole, damu ikatoka, mimi namtazama tu, nangoja anichome. Akasema ni sukari. Nikamwambia mimi ni mtu wa nta, asali naiachia nyuki. Hakucheka, alikuwa akiandika.

Sikuamini. Mimi si mtu wa kuamini karatasi ya daktari. Nikakaa kwenye kerezo, nikachukua kijiti cha mpingo, msasa, maranda, nta, kitambaa. Nikakanyaga. Nilingoja lile joto la chai. Nikangoja. Kitambaa kikaanza kutoa moshi, nikakuona wewe, Mbwana, umesimama na kuniangalia. Nikaiacha ilale. Asubuhi nikaisugua, nikaifumbata, nikasoma Alhamdu mara tatu, nikakusogezea karatasi.

"Andika."

Ukaandika. Wino ukakimbia pande zote. Ukaitazama karatasi, halafu ukasema kwa adabu uliyofunzwa nyumbani kwenu:

"Labda ni joto, Fundi."

Nje mvua ya kusi ilikuwa ikipiga mabati, na mtu aliyepita barazani alikuwa amejifunika gunia kwa baridi. Nikakutazama machoni muda mrefu, ukafikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nikitafuta humo machoni mwako kitu ninachokijua vizuri kuliko mtu yeyote, na niliomba nikione. Ungekuwa umeniharibia nta, Mbwana, ningekusamehe pale pale, ningekubusu mikono.

Ulipotoka kwenda kuswali nikalifungua kopo, nikakata kipande, nikakitia kinywani. Nikatafuna polepole, upande huu na upande huu, kama nilivyofunzwa siku ile ya gogo, nikiitafuta chembe moja tu ya mshumaa. Haikuvunjika. Haikunata. Ilikuwa na ladha ya asali, kwa mbali.